Hedhi inayozidi kipimo: Dalili ambazo wanawake wa Kajiado hawapaswi kuzizoea

NI alfajiri mjini Kitengela. Barabara kuu ya kwenda Namanga imekwisha kujaa matatu na bodaboda, na wanawake wanaelekea kazini: wengine kwenye viwanda vya nguo vya Athi River, wengine sokoni, wengine kwenye mashamba ya maua yaliyo upande wa Isinya. Miongoni mwao, siku yoyote ile, hawakosi waliojifunga leso ya ziada ndani ya sketi, waliochagua nguo nyeusi kwa makusudi, na waliobeba pakiti nzima ya sodo wakijua kwamba haitafika jioni.

Wengi wa wanawake hao hawajihesabu kuwa wagonjwa. Tangu utotoni wameelezwa kwamba kila mwanamke ana hedhi yake, kwamba mama na nyanya nao walivuja hivyo hivyo, na kwamba mambo hayo huisha yenyewe mtoto wa kwanza akizaliwa au umri ukisonga. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hedhi hutofautiana baina ya mwanamke na mwenzake. Lakini si kweli kwamba haina kipimo, na tofauti kati ya hedhi nzito na hedhi inayodhuru mwili yaweza kutambuliwa hata na mwanamke ambaye hajawahi kuingia chumba cha daktari.

Kaunti ya Kajiado ilikuwa na wakazi 1,117,840 kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019. Katika eneo kubwa namna hiyo, ambapo mji kama Kitengela unapakana na nyanda za wafugaji walio mbali na zahanati, ujuzi wa kusoma dalili nyumbani unaweza kuokoa miezi, pengine miaka, ya kudhoofika bila kujua sababu.

Kipimo cha hedhi ya kawaida

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, FIGO, lilitoa mwaka wa 2011 utaratibu mmoja wa kueleza na kupanga matatizo ya kuvuja damu, kisha likaufanyia marekebisho mwaka wa 2018. Kulingana na utaratibu huo, hedhi ya mtu mzima hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Damu yenyewe haipaswi kupita siku 8. Kadhalika, mizunguko haipaswi kuachana sana. Mwanamke ambaye mwezi mmoja huona hedhi baada ya siku 24 na mwezi mwingine baada ya siku 37 ana hedhi isiyo na mpangilio, hata kama kila mzunguko peke yake unaonekana kuwa wa kawaida.

Kuhusu wingi wa damu, watafiti waliokusanya na kupima sodo za wanawake wa mji wa Gothenburg, Sweden, katika miaka ya sitini waligundua kwamba mwanamke wa kawaida hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 katika hedhi nzima. Hicho ni kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya mezani. Waliopoteza zaidi ya mililita 80 ndio hasa walioonekana kupungukiwa na damu mwilini, na tangu hapo mililita 80 zikawa mpaka unaotumiwa na watafiti.

Hata hivyo, hakuna mwanamke anayepima damu yake kwa mililita. Ndiyo maana madaktari siku hizi hutumia maelezo mengine: hedhi ni nzito kupita kiasi ikiwa inamzuia mwanamke kufanya kazi, kulala, kusafiri au kuishi na watu kama anavyopenda. Maelezo haya yana uzito, kwa kuwa yanaanzia kwa mwanamke mwenyewe, si kwenye chombo cha maabara.

Jinsi ya kuhesabu nyumbani

Kuna dalili chache ambazo mtu anaweza kuziandika kwenye kalenda ya ukutani au katika simu. Kwanza ni sodo inayolowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo. Pili ni kulazimika kuvaa sodo mbili kwa pamoja, au kuamka usiku ili kubadilisha. Tatu ni mabonge ya damu iliyoganda yenye ukubwa unaokaribia sarafu ya Sh20 au zaidi. Nne ni damu inayoendelea kupita siku 8. Tano ni damu inayotokea katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa.

Mwanamke anayetumia vitambaa badala ya sodo anaweza pia kuhesabu: ni vitambaa vingapi vimelowa kabisa kwa siku, na ni mara ngapi damu imepita hadi kwenye nguo au matandiko. Kumbukumbu za miezi miwili au mitatu za namna hiyo humsaidia daktari pakubwa. Anayefika hospitalini akisema "navuja sana" husikika. Anayefika akisema "sodo tisa kwa siku, siku kumi, mizunguko mitatu mfululizo" hueleweka.

Chanzo hutegemea umri

Kuvuja damu kupita kiasi si ugonjwa mmoja. Ni dalili, na chanzo chake hubadilika kulingana na hatua ya maisha ambayo mwanamke amefikia.

Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, sababu ya kawaida ni kwamba ovari zake hazijazoea kupevusha yai kila mwezi. Yai lisipopevuka, homoni inayotuliza utando wa ndani ya nyumba ya uzazi haitolewi. Utando huo huendelea kuwa mnene, kisha hubomoka kwa vipande bila utaratibu, na damu hutoka kwa wingi au kwa siku nyingi. Hali hii hutengemaa yenyewe katika miaka miwili au mitatu ya kwanza kwa wasichana wengi.

Lakini si wote. Msichana ambaye damu ilikuwa nyingi mno tangu hedhi ya kwanza, anayetokwa na damu puani mara kwa mara, ambaye fizi zake huvuja au aliyevuja sana alipong'olewa jino, huenda damu yake ina kasoro ya kuganda. Kasoro ya kurithi iliyo ya kawaida zaidi kati ya hizo ilielezwa mwaka wa 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand, ambaye ugonjwa huo hubeba jina lake. Alikuwa amechunguza familia moja ya visiwa vya Åland. Msichana mdogo aliyeletwa kwake kutoka familia hiyo alifariki baadaye katika ujana wake, kutokana na hedhi yake ya nne. Kisa hicho cha karne iliyopita kinabaki kuwa onyo: hedhi ya msichana yaweza kuua, na mzazi hapaswi kungoja aolewe ndipo itengemae.

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, swali la kwanza la daktari huwa ni iwapo kuna mimba. Damu inayodhaniwa kuwa hedhi iliyochelewa inaweza kuwa mimba inayoharibika, au mimba iliyotunga nje ya nyumba ya uzazi, ambayo huhatarisha maisha kwa muda wa saa chache. Kipimo cha mkojo hutoa jibu kwa dakika chache tu.

Mimba ikiondolewa kwenye orodha, chanzo kimoja hutajwa zaidi: uvimbe wa misuli ya nyumba ya uzazi, ambao wengi huuita faibroidi. Huu si saratani, na wanawake wengi huishi nao bila habari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi waliochunguzwa walikuwa nao wafikapo umri wa miaka 50. Kinachosababisha damu nyingi si ukubwa wa uvimbe pekee bali mahali ulipo: ule uliochomoza ndani ya nyumba ya uzazi, hata ukiwa mdogo kama njugu, huweza kuvuja damu kuliko mkubwa ulioota upande wa nje.

Vyanzo vingine ni vinyama vidogo vinavyoota kwenye utando wa ndani, utando huo kuingia katika misuli ya nyumba ya uzazi na kuleta maumivu makali, matatizo ya tezi ya thairoidi, na hali ambapo ovari hujaa vifuko vidogo na kushindwa kupevusha mayai. Hali hii ya mwisho humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Hedhi hukawia miezi miwili au mitatu, kisha huja kwa kishindo.

Mwanamke anapopita miaka 40, mayai huanza tena kukosa kupevuka kila mwezi kama ilivyokuwa katika ujana, na hedhi huyumba. Huu ndio umri ambao wengi husema "ni mambo ya kukoma hedhi" na kunyamaza. Mara nyingi huwa kweli. Ila kuanzia miaka 45, madaktari hupendelea kuchunguza kipande kidogo cha utando wa nyumba ya uzazi kabla ya kutoa jibu hilo, kwa sababu saratani ya utando huo huanza kwa dalili zile zile.

Damu inayotoka mwaka mzima au zaidi baada ya hedhi kukoma ni suala tofauti kabisa. Hata ikiwa ni tone moja, si hedhi iliyorudi, wala si dalili ya ujana. Ni lazima ichunguzwe. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, ambayo ni miongoni mwa dalili za saratani ya lango la uzazi, ugonjwa unaoua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Chanjo ya kukinga virusi vinavyousababisha ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 kote nchini Oktoba 2019.

Mbinu za kupanga uzazi

Hakuna jambo linalozua uvumi mwingi kuhusu hedhi kama mbinu za kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu na kipandikizi cha mkononi, ambazo ni miongoni mwa mbinu zinazotumika zaidi nchini, huvuruga mpangilio wa hedhi kwa wanawake wengi, hasa miezi ya mwanzo. Wengine huona matone kila mara, wengine hukosa hedhi kabisa. Karibu nusu ya wanaotumia sindano hiyo kwa mwaka mmoja huwa hawaoni damu. Kukosa hedhi kwa sababu ya sindano hakumaanishi kwamba damu chafu imejikusanya tumboni. Utando haukujengeka, basi hakuna cha kutoka.

Koili ya shaba, ambayo haina homoni, huweza kuongeza damu na maumivu, hasa katika miezi sita ya kwanza. Nazo tembe za dharura zinazojulikana mitaani kama P2 huweza kuivuta au kuichelewesha hedhi inayofuata. Mwanamke anayezinunua kwenye duka la dawa mara kadhaa kwa mwezi, kisha akashangaa kwa nini damu haina ratiba, hana budi kumweleza daktari jambo hilo bila haya. Anayetatizwa na mbinu fulani anaweza kubadilishiwa. Kuacha ghafla bila ushauri huleta mimba isiyotarajiwa.

Hasara isiyoonekana

Wanawake wengi huogopa damu inayoonekana kwenye nguo. Madhara makubwa zaidi hutokea mahali pasipoonekana.

Kila mililita 2 za damu hubeba karibu miligramu moja ya madini ya chuma. Anayepoteza mililita 80 kwa mwezi hupoteza takriban miligramu 40. Mwili nao hufyonza kutoka kwa chakula miligramu moja au mbili tu kwa siku, na sehemu kubwa ya kiasi hicho huhitajika kufidia mahitaji ya kila siku hata bila hedhi. Kwa hivyo mwanamke anayevuja zaidi ya kiasi hicho mwezi baada ya mwezi hutumia akiba, na akiba ikiisha, damu hupungua.

Dalili zake hufanana na za uchovu wa kawaida: kuishiwa na pumzi kwenye ngazi, moyo kudunda, kizunguzungu, kuumwa na kichwa, nywele kukatika na usingizi usiokata uchovu. Nyingine ni hamu ya kutafuna vitu visivyo chakula. Mwanamke anayenunua mawe ya odowa sokoni kila siku, ingawa si mjamzito, huenda anaonyesha upungufu wa madini ya chuma bila kujua. Na udongo huo nao huweza kuzuia madini yaliyomo katika chakula yasifyonzwe.

Shirika la Afya Duniani limeweka gramu 12 za himoglobini kwa kila desilita ya damu kuwa mpaka kwa mwanamke asiye mjamzito. Aliye chini ya hapo ana upungufu wa damu. Aliye chini ya gramu 8 ana upungufu mkali.

Lishe ya Kajiado ina mchango wake. Maziwa, ambayo ni chakula cha heshima katika jamii ya wafugaji, yana protini na kalsiamu tele lakini madini ya chuma machache mno, na kalsiamu yenyewe hupunguza ufyonzaji wa chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya vivyo hivyo. Si lazima mtu aache chai wala maziwa. Yatosha kuyatenga na mlo kwa muda wa saa moja au mbili, na kula nyama, maini, omena, maharagwe, ndengu au terere pamoja na chungwa, ndimu au nyanya, ambazo husaidia chuma kuingia mwilini.

Lakini chakula pekee hakiwezi kufidia akiba iliyokwisha. Tembe za madini ya chuma huhitajika, nazo huendelea kwa takriban miezi mitatu hata baada ya himoglobini kurejea. Choo kuwa cheusi wakati wa kuzitumia ni kawaida.

Hospitalini hufanywa nini

Safari inaweza kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako kupimwa mimba na himoglobini si kazi kubwa. Wenye kuhitaji uchunguzi zaidi hutumwa mbele, kwa mfano katika hospitali ya kaunti ndogo mjini Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Huko uchunguzi huweza kuhusisha picha ya altrasaundi inayoonyesha uvimbe, kukagua lango la uzazi, kupima tezi ya thairoidi na namna damu inavyoganda, na pale inapobidi kuchukua kipande cha utando.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Huduma za zahanati na vituo vya afya za umma hulipiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyejisajili, ilhali za hospitali kubwa hutegemea michango. Ni busara kujisajili kabla ya damu kuwa dharura.

Matibabu hayaanzi kwa kisu, kinyume na hofu ya wengi. Dawa za kundi la ibuprofeni, zikitumiwa siku za hedhi, hupunguza maumivu na sehemu ya damu. Asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa nchini Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke mwaka wa 1962, huzuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi na huweza kupunguza hedhi karibu nusu. Hutumiwa siku za damu nyingi pekee, wala si dawa ya homoni. Wapo wanaofaa kupewa tembe za homoni, au koili yenye homoni, ambayo hupunguza damu kuliko dawa nyingine zote za kumeza. Dawa hizi zote zina watu wasiopaswa kuzitumia, wakiwemo waliowahi kupata damu iliyoganda miguuni au mapafuni, hivyo hazifai kununuliwa kwa kukisia.

Upasuaji huja pale dawa zinaposhindwa au uvimbe unapodai. Uvimbe unaweza kuondolewa na nyumba ya uzazi ikabaki. Kuitoa nyumba yenyewe ni hatua ya mwisho. Mwanamke ana haki ya kuuliza ni njia gani nyingine zipo kabla ya kutia sahihi.

Ipo hali isiyongoja miadi: sodo kulowa kila saa kwa zaidi ya saa mbili, kuzirai, moyo kwenda mbio, au kuvuja damu akiwa na mimba ama baada ya kujifungua. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Kimya ndicho kizuizi

Kenya imepiga hatua katika suala la hedhi. Iliondoa ushuru wa mauzo kwa sodo mwaka wa 2004, na Juni 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili serikali iwape sodo bila malipo wasichana wa shule za umma waliobalehe. Lakini sodo hupokea damu tu. Haiulizi kwa nini ni nyingi. Msichana anayemaliza pakiti kwa siku mbili hahitaji pakiti ya pili pekee, bali pia mtu wa kumuuliza.

Mtu huyo aweza kuwa mwalimu, mama, shangazi au mhudumu wa afya ya jamii anayezuru manyata. Aweza pia kuwa mume, ambaye katika nyumba nyingi ndiye mwenye nauli ya hospitali mkononi. Kwake yeye swali ni rahisi: iwapo ng'ombe wake angevuja damu siku kumi kila mwezi, angengoja mwaka kabla ya kumwita daktari wa mifugo?

Hedhi si aibu, na hedhi nyingi si ushujaa. Kalenda moja, kalamu moja na hesabu ya miezi mitatu yatosha kuanzisha mazungumzo ambayo mama na nyanya hawakupewa nafasi ya kuyaanza.